Kumlea mtoto mwenye sistiki faibrosisi Nyanda za Juu Kusini: mwongozo wa siku hadi siku

Mtoto anakohoa miezi nenda miezi rudi. Anakula kwa pupa lakini kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito haupandi. Choo chake ni kingi, kina mafuta, kinanuka kupita choo cha watoto wengine. Na ukimbusu shavuni unasikia chumvi mdomoni. Dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, na TB imepimwa haikuonekana, na VVU vivyo hivyo, na chakula nyumbani kipo, basi muulize daktari moja kwa moja kuhusu sistiki faibrosisi. Kwenye faili utaiona imeandikwa kwa herufi mbili tu, CF.

Mwongozo huu ni kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshaambiwa ana ugonjwa huu, au bado anatafuta jibu. Nimeuandika nikifikiria nyumba za huku kwetu: jiko la kuni nyuma ya nyumba, baridi ya Juni na Julai, hospitali iliyo mbali, dawa ambazo duka la mtaani halina. Sehemu kubwa ya kinachomweka mtoto huyu salama hufanyika nyumbani, asubuhi na jioni, kwa mikono ya mzazi.

Kwanza: jueni ugonjwa ni nini, na lawama ziishe

Mwili una jeni inayosimamia jinsi chumvi na maji yanavyopita kwenye kuta za chembe hai. Jeni hiyo inaitwa CFTR na iligunduliwa mwaka 1989. Ikiwa na hitilafu, ute wa kwenye mapafu, kongosho na utumbo unakuwa mzito, unanata kama uji uliolala. Kwenye mapafu unaziba njia ndogo za hewa na vijidudu vinapata makazi. Kwenye kongosho unazuia vimeng'enya, yaani vile vinavyosaga chakula, visifike kwenye chakula, ndiyo maana mafuta yanatoka chooni bila kusagwa. Kwenye ngozi, chumvi inapotea na jasho.

Mtoto hupata ugonjwa akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wenyewe huwa wazima kabisa na hawajui kama wanayo. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu najua yanayosemwa. Mtoto akikonda, wengine watasema amebemendwa, na mama ndiye atakayenyooshewa kidole. Hakuna kubemendwa hapa. Baba na mama wamechangia sawasawa, na hakuna aliyefanya kosa. Baba, ukisoma hapa, kalisemeni jambo hili mbele ya ukoo ukiwa wewe ndiye msemaji, maana neno lako litamwondolea mama mzigo ambao yeye peke yake hawezi kujiondolea.

Mtoto akikohoa sana atashauriwa akatwe kimeo. Akiharisha, watasema ana meno ya plastiki, yang'olewe. Kataeni yote mawili. Kimeo hakihusiki na kikohozi hiki, na kukikata kunaweza kumtoa mtoto damu nyingi au kumpa maambukizi. Yale yanayoitwa meno ya plastiki ni meno yake ya kawaida ambayo hayajaota.

Kipimo

Kipimo cha msingi ni cha jasho. Ngozi ya mkono inasisimuliwa itoe jasho, kisha kloridi iliyomo, ambayo ni sehemu ya chumvi, inapimwa. Ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, jibu linaelekea kuwa ndiyo. Chini ya 30, uwezekano ni mdogo sana. Katikati ya hapo hurudiwa na kuongezewa kipimo cha vinasaba, yaani cha jeni. Si kila hospitali ina kifaa chake, kwa hiyo anzeni na daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na mwombe barua ya rufaa kama kipimo kinafanyika kwingine.

Kuna jambo la kumwuliza daktari kuhusu kipimo cha vinasaba. Vipimo vingi vimetengenezwa kutafuta mabadiliko ya jeni yanayoonekana zaidi kwa watu wa Ulaya, hasa lile liitwalo F508del. Kwa Waafrika weusi wa kusini mwa bara letu linaloongoza ni jingine, 3120+1G→A. Kipimo kisichotafuta hilo kinaweza kutoa jibu la "hakuna" wakati ugonjwa upo. Ukiambiwa "huu ni ugonjwa wa Wazungu", usiondoke. Upo pia Afrika, ila mara nyingi hufichwa nyuma ya jina la TB, nimonia au utapiamlo.

Chumvi

Hapa ushauri unapingana na kila ulichosikia kuhusu watoto na chumvi. Mtoto huyu anapoteza chumvi kila anapotoa jasho, na maziwa ya mama yana chumvi kidogo. Wataalamu wa Marekani hupendekeza mtoto wa chini ya miezi sita aongezewe nusu ya robo ya kijiko cha chai cha chumvi kwa siku nzima, na kuanzia miezi sita hadi mwaka, robo kijiko. Hiyo ni ya siku nzima. Haipewi kwa mara moja. Inagawanywa kidogo kidogo kwenye milo, na daktari wako athibitishe kiasi kabla hujaanza. Tumia kijiko cha kupimia, kisichojazwa kilima. Chumvi ikizidi nayo ni hatari kwa mtoto mchanga.

Mtoto mkubwa kidogo ni rahisi: mwache aweke chumvi kwenye viazi, kwenye yai, kwenye parachichi.

Baridi ya Mbeya, Njombe au Makete inasaidia, maana jasho ni kidogo. Hatari inakuja mnaposhuka. Familia inayokwenda Kyela kwa bibi, Mbarali wakati wa kuvuna mpunga, au Dar es Salaam, inamtoa mtoto kwenye baridi na kumwingiza kwenye joto ndani ya saa chache. Kabla ya safari, muulize daktari kiasi cha kuongeza. Bebeni pakiti za ORS, kila moja ichanganywe na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, na mpe kidogo kidogo njiani. Wala usimfunge mablanketi matatu ndani ya basi kwa sababu tu mlipotoka kulikuwa na baridi.

Mtoto aliyeishiwa chumvi hulegea, hutapika, hataki kunyonya, macho yanadidimia. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie anayempokea: "Ana CF, anapoteza chumvi." Sentensi hiyo hubadilisha jinsi anavyohudumiwa.

Vimeng'enya: kabla ya kila mlo

Watoto wengi wenye ugonjwa huu, kama 85 kati ya 100, kongosho lao halitoi vimeng'enya vya kutosha. Hupewa vya kapsuli. Ndani ya kapsuli kuna chembe ndogo zilizofunikwa ili asidi ya tumbo isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo. Ukilielewa hilo, kanuni zote zinazofuata zinajieleza.

Mtoto asiyeweza kumeza, fungua kapsuli na umwage chembe kwenye kijiko chenye chakula laini chenye uchachu. Tufaa lililochemshwa na kupondwa, lile ambalo sokoni wengi huliita epo, ndilo linalofaa kuliko yote, na bahati nzuri Njombe na Makete yanalimwa. Usizisage chembe. Usizichanganye na maziwa wala uji, maana havina uchachu na ganda la chembe litayeyuka kabla ya wakati. Ndizi na parachichi nazo hazina uchachu wa kutosha. Wala usiweke kwenye kitu cha moto. Mpe kijiko hicho mara moja, kisha mnyonyeshe au mlishe.

Hata mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anahitaji vimeng'enya kabla ya kunyonya. Maziwa ya mama yana mafuta, na yanabaki kuwa chakula bora kwake. Asije mtu akakuambia uache.

Mlo ukimalizika, mpitishie kidole safi kwenye fizi na chini ya ulimi. Chembe zikibaki mdomoni zinaunguza, utaona vidonda na mtoto ataanza kukataa kunyonya. Makalioni pia, paka mafuta mazito ya kujipaka kila unapobadilisha nepi, kwa sababu vimeng'enya vilivyobaki chooni huchubua ngozi.

Kiasi cha vimeng'enya hupangwa na daktari kwa uzito wa mtoto. Mpaka wa juu unaofuatwa ni uniti 2,500 za lipasi, kimeng'enya kinachosaga mafuta, kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja, na 10,000 kwa kila kilo kwa siku nzima. Usiongeze mwenyewe kwa kuona choo bado kina mafuta. Dozi kubwa kupita kiasi imewahi kusababisha makovu kwenye utumbo mpana. Andika kwenye daftari choo kilivyo kwa siku kadhaa, mpelekee daktari.

Kapsuli hizi hazipatikani kila duka la dawa. Zinaagizwa, na kuagiza kunachukua muda. Zikibaki za mwezi mmoja, anza kutafuta nyingine. Zihifadhi pakavu na mahali pa ubaridi, mbali na jiko, na kamwe usiziache kwenye gari lililosimama juani.

Mtu atakwambia papai linafanya kazi ile ile. Papai lina kimeng'enya cha kusaga protini, lakini haligusi mafuta, na mafuta ndiyo tatizo. Mpe papai kwa kuwa ni tunda zuri, lisishike nafasi ya kapsuli.

Kwa familia za Kiislamu: vimeng'enya hivi vinatokana na kongosho la nguruwe, na ni haki yenu kujua. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini, mkimweleza wazi kuwa ni tiba ya mtoto na kwamba mbadala haupo. Suala la dharura katika dini linajulikana, na ni vizuri mzazi awe na moyo mtulivu anapompa mtoto dawa mara tano au sita kwa siku.

Chakula chenyewe

Mtoto huyu anahitaji nguvu nyingi kuliko mwenzake wa umri wake, wakati mwingine hata mara moja na nusu. Mafuta hayakatazwi, kinyume chake yanatakiwa. Na huku kwetu hatuna uhaba. Parachichi la Rungwe au Njombe, ponda, tia chumvi. Viazi vya kuponda na maziwa na siagi. Mayai. Maziwa mazima, mtindi. Karanga zilizosagwa laini kwenye uji, lakini chagua zisizo na ukungu, na karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Usipa wa Ziwa Nyasa waliosagwa. Mboga iungwe kwa mafuta ya alizeti ya kutosha. Uji usiwe mwepesi: ongeza kijiko cha mafuta au karanga kabla hujaongeza maji.

Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, kila kimoja na vimeng'enya vyake kama kina mafuta au protini. Tunda tupu au juisi tupu mara nyingi halihitaji.

Vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta, kwa hiyo zinapotea pamoja nayo. Matone ya vitamini A ya kampeni za kila miezi sita yana faida yake lakini hayamtoshi huyu. Muulize daktari dawa ya vitamini zote nne.

Mpimeni uzito kila mwezi hata baada ya ratiba ya chanjo kwisha. Uzito ukisimama miezi miwili mfululizo, hiyo ni sababu tosha ya kwenda kumwona daktari, hata kama mtoto anacheza.

Kifua: asubuhi na jioni

Lengo la kumpiga mtoto kifua na mgongo kwa kiganja ni kuutoa ute kabla haujaoza ndani. Mara mbili kwa siku akiwa mzima, tatu au nne akiwa na mafua. Fanya kabla ya kula, au baada ya kama saa mbili, asije akatapika. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini akuonyeshe kwa mikono yake kwanza, nawe ufanye mbele yake akuone.

Kaa kwenye kiti cha chini au mkekani. Mtoto avae fulana nyepesi au mfunike kanga. Kunja kiganja kiwe bonde, vidole pamoja. Ukipiga vizuri utasikia sauti ya uvungu. Ukisikia sauti ya kofi, kiganja kimelala. Kwa mtoto mchanga tumia vidole vitatu vilivyokunjwa pamoja.

Mkalishe mapajani akiegemea mbele, piga sehemu ya juu ya mgongo, kulia na kushoto. Kisha mlaze ubavu mmoja, piga mbavuni chini ya kwapa. Geuza upande wa pili. Mwisho mlaze kifudifudi mapajani, piga mgongo upande kwa upande. Dakika tatu hadi tano kila mkao. Usipige uti wa mgongo, tumbo, kiuno wala katikati ya kifua. Zamani walimu walielekeza kichwa kiwe chini. Kwa watoto wadogo hilo limeachwa, kwa sababu linarudisha chakula na asidi juu. Mlaze sawa.

Watoto huzoea. Mwimbie, kila siku wimbo ule ule, saa ile ile. Bibi, baba na dada mkubwa nao wajifunze, ili mama akiugua kazi isisimame.

Akifika miaka mitatu hivi, mgeuzie mchezo. Apulize ukungu kwenye kioo kwa "haaa" ndefu, kwani hiyo ndiyo pumzi inayosukuma ute juu. Aruke, akimbie, apande kilima, vilima tunavyo. Pia kuna chupa ya mapovu: chupa ya plastiki safi yenye maji ya kina cha sentimita kumi, mrija mpana, mtoto anapuliza mapovu taratibu huku mtu mzima akimsimamia asivute maji. Mdomo wa chupa usizibwe. Maji yamwagwe kila baada ya matumizi, chupa na mrija vioshwe na kukaushwa.

Kama daktari ameandika dawa ya kuvuta, utaratibu ni huu: ya kufungua njia za hewa kwanza, kisha maji ya chumvi ya kulainisha ute, kisha kifua kipigwe, na antibayotiki ya kuvuta, kama ipo, mwisho kabisa. Maji ya chumvi yawe yale ya hospitali yasiyo na vijidudu. Usitengeneze yako kwa chumvi ya jikoni.

Vifaa vya kuvutia dawa vioshwe kwa sabuni kila baada ya matumizi, halafu vichemshwe kama maelekezo yake yanaruhusu. Kwingineko husema dakika tano. Mbeya mjini tupo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, si 100. Makete ni juu zaidi. Chemsha dakika kumi. Kausha kwa kuacha juu ya kitambaa safi, usivifute. Umeme ukikatika, pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, yenye spesa (chombo kinachoshika dawa kabla mtoto hajaivuta) itashika nafasi ya ile ya kuvuta kwa mashine. Spesa hutengenezwa hata kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, na mhudumu anaweza kukuonyesha.

Moshi, baridi, vumbi, maji yaliyotuama

Kama una uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu nyumbani, badilisha mahali mtoto anapokaa wakati unapika. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye jiko la kuni anavuta moshi mwingi kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Abaki na mtu mwingine sebuleni au nje. Gesi ikipatikana hata kwa chai na uji tu, ni faida. Sigara isivutwe ndani, wala kwenye chumba ambacho mtoto ataingia baadaye.

Usiku wa Julai ni mkali, na wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Gesi yake haina harufu, na imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mvalishe nguo mbili tatu, soksi na kofia, lala naye karibu.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi kusifanywe kwa mtoto. Mvuke na sufuria vinaunguza, na ute huu hautoki kwa mvuke. Asali nayo asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Mahindi yaliyoota ukungu, nyasi za mifugo zilizooza na mboji vina vumbi la kuvu linaloumiza mapafu haya. Asikae ghalani mnapopukuchua. Nyunyizia maji kabla ya kufagia. Ndoo iliyolaza maji, midoli ya bafuni yenye maji ndani na mifereji vinafuga bakteria aitwaye Pseudomonas, adui mkubwa wa watoto hawa. Maji ya kuogea yawe mapya.

Mkikutana na familia nyingine yenye mtoto wa CF, wazazi zungumzeni, lakini watoto wakae mbali, mita mbili au zaidi, wala wasibadilishane vikombe au midoli. Wanaweza kuambukizana vijidudu vigumu kutibu.

Hospitali, na lini

Chanjo zote apate kwa wakati. Usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia. Omba makohozi au ute wa koo upimwe kwanza, maana vijidudu vya CF mara nyingi havisikii dawa za kawaida na kozi yake huwa ndefu.

Mpeleke siku hiyo hiyo kama kikohozi kimebadilika, makohozi yamekuwa ya kijani au mengi, ana homa, amepoteza hamu ya kula. Mpeleke sasa hivi, hata usiku, kama kifua kinabonyea akivuta pumzi, midomo ina rangi ya bluu, anakohoa damu, amelegea, au tumbo limevimba na anatapika nyongo bila kupata choo. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka hadi mitano, hiyo ni pumzi ya haraka na haisubiri asubuhi.

Mtasikia habari za vidonge vinavyorekebisha kasoro yenyewe. Vipo: cha kwanza, ivacaftor, kiliidhinishwa Marekani 2012, na mchanganyiko wa dawa tatu 2019. Huko bei yake inapita dola 300,000 kwa mwaka, na havifanyi kazi kwa kila badiliko la jeni. Ndiyo maana jibu kamili la vinasaba lina thamani, litunzeni.

Majirani, shule, na safari ya rufaa

Mwalimu wa chekechea aambiwe mambo matatu: kikohozi hiki hakiambukizi wengine, mtoto asizuiwe kwenda chooni wala kukohoa, na dawa ya kabla ya uji ni lazima. Majirani wanaohofia TB wajibiwe kwa upole kwamba imepimwa.

Kwa safari ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, funga mfuko mmoja usioingia kwenye buti la basi: vimeng'enya vya siku zote pamoja na za ziada, tufaa lililopondwa kwenye kikopo, ORS, maji ya kunywa, chumvi, vifaa vya kuvutia dawa vikiwa vikavu ndani ya mfuko safi, kadi ya kliniki, barua ya rufaa, kadi ya bima na lile daftari. Piga kifua alfajiri kabla ya kupanda basi. Kabla ya kuondoka, ulizeni ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama kwa walio chini ya miaka mitano, na ulizeni bima yenu inalipia nini na haigusi nini. Mkiwa na watoto wengine wanaokohoa au wasiokua vizuri, watajeni hapo hapo kwa daktari, nao wapimwe jasho katika safari hiyo hiyo.